Ubadilishaji wa Seli ya Mtiririko katika Kisomaji cha DNA cha MinION: Vigezo, Hatua na Athari kwa Uhalali wa Data

IKISIRI

Makala hii inafafanua ubadilishaji wa seli ya mtiririko katika MinION, kifaa kidogo cha kusoma mfuatano wa DNA kinachotengenezwa na kampuni ya Oxford Nanopore Technologies ya Uingereza. Katika ripoti nyingi za maabara, kitendo hiki huchukuliwa kuwa kazi ya ufundi isiyostahili zaidi ya sentensi moja katika sura ya mbinu za utafiti. Makala inadai kwamba mtazamo huo una kasoro. Uamuzi wa kubadilisha seli, kuiosha au kuendelea kuitumia huathiri moja kwa moja wingi wa data, usafi wake na hitimisho linalotokana nayo. Ufafanuzi unaanzia kwenye istilahi na muundo wa seli, unaendelea kwenye vigezo vya uamuzi na hatua za utendaji, na kuishia kwenye mfano wa uchunguzi wa virusi vya muhogo. Mwisho, yanapendekezwa mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyaandika ili mtahini aweze kupima uhalali wa matokeo.

1.0 Utangulizi

MinION ilianza kutolewa kwa watafiti mwaka 2014. Kabla ya hapo, usomaji wa mfuatano wa DNA ulifungamana na mashine kubwa, zenye gharama kubwa na zinazohitaji chumba maalumu. Kifaa hiki kinatosha kiganjani, na huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Wepesi huo ulibadili mahali pa kufanyia utafiti. Mwaka 2015 watafiti walikisafirisha hadi Guinea kama mizigo ya kawaida ya ndege, wakasoma jenomu za virusi vya Ebola kutoka katika sampuli 142 wakati mlipuko ukiendelea. Mwaka 2016 mwanaanga Kate Rubins alikitumia kusoma DNA katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Katika Afrika Mashariki, watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya walioshiriki katika Cassava Virus Action Project walikitumia kutambua virusi vya muhogo, na baadaye usomaji huo ulifanyika shambani kwenyewe.

Hata hivyo, kifaa chenyewe hakisomi chochote. Kazi ya kusoma hufanywa na seli ya mtiririko inayochomekwa ndani yake. MinION yaweza kudumu kwa miaka, ilhali seli ni ya kutumika kwa muda na kubadilishwa. Hivyo basi, kila mtafiti anayetumia kifaa hiki hukutana na maswali matatu: seli ibadilishwe lini, ibadilishwe vipi, na mabadiliko hayo yana maana gani kwa data iliyokusanywa kabla na baada yake. Maswali hayo ni mazito zaidi katika maabara ambazo seli huagizwa kutoka ng'ambo. Seli moja ikiharibika kwa uzembe, kazi inaweza kusimama hadi shehena nyingine ifike. Na seli iliyochoka ikilazimishwa kuendelea, tasnifu inaweza kujengwa juu ya msingi mbovu.

2.0 Istilahi

Neno "seli" katika biolojia ya Kiswahili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kiini cha uhai, kama vile seli ya damu au seli ya mmea. Katika makala hii, "seli ya mtiririko" haina maana hiyo. Ni kikasha bapa chenye mifereji myembamba ambamo kimiminika hupita juu ya sehemu inayohisi. Istilahi nzima imetumika kila panapoweza kutokea utata.

"Kitundunano" ni tundu dogo mno lililomo ndani ya protini. Upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. "Utando" ni ngozi nyembamba ya polima ambamo kitundunano kimepachikwa. "Kisima" ni kishimo kidogo kilichofunikwa na utando huo, na "chaneli" ni njia ya kielektroniki inayopima mkondo wa umeme wa kisima kimoja kwa wakati mmoja. "Bafa" ni kimiminika chenye chumvi kinachopitisha umeme na kulinda hali ya kikemikali. Vipimo vya ujazo vimetajwa kwa mikrolita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya lita.

3.0 Muundo wa seli na namna inavyofanya kazi

Seli ya mtiririko ya MinION ina sehemu kuu tatu. Sehemu ya kwanza ni safu ya visima 2,048, vilivyogawanywa katika chaneli 512. Kila chaneli imeunganishwa na visima vinne. Sehemu ya pili ni saketi ya kielektroniki iliyo chini ya visima, ambayo hupima mkondo wa umeme. Sehemu ya tatu ni mifereji ya kimiminika: tundu la kujazia, tundu la kuwekea sampuli lililo juu ya safu ya visima, na hifadhi ya majitaka yenye matundu yake ya kutolea.

Katika kila kisima kilicho hai, utando hutenganisha bafa ya juu na bafa ya chini. Umeme ukiwekwa, ioni hupita katika kitundunano na chaneli hupima mkondo wake. Uzi wa DNA ukiingia tunduni, huziba sehemu ya njia, na mkondo hupungua kwa kiasi kinachotegemea besi zilizomo tunduni kwa wakati huo. Kimeng'enya kilichofungwa kwenye DNA huuzuia uzi usipite kwa kasi kupita kiasi. Katika seli za toleo la R10.4.1, kasi ya kawaida ni takribani besi 400 kwa sekunde. Programu ya kompyuta hutafsiri mabadiliko hayo ya mkondo kuwa mfuatano wa besi.

Kutokana na muundo huo, mambo mawili ni ya msingi kwa mjadala unaofuata. Kwanza, kila kisima hutegemea utando usio na tundu lolote isipokuwa kitundunano chenyewe. Utando ukipasuka, kisima hicho hakitengenezeki tena. Pili, utando huishi ndani ya kimiminika tu. Hewa ikigusa safu ya visima, tando hupasuka. Karibu kila tahadhari katika utaratibu wa kubadilisha seli inatokana na ukweli huu wa pili.

4.0 Vigezo vya kuamua kubadilisha seli

4.1 Idadi ya vitundunano hai

Kabla ya kila matumizi, programu ya kifaa huweza kukagua seli kwa dakika chache na kutoa idadi ya vitundunano vinavyofaa. Kwa seli mpya ya MinION, mtengenezaji ameweka kiwango cha dhamana cha vitundunano 800. Seli mpya iliyo chini ya kiwango hicho inapaswa kulalamikiwa kwa mtengenezaji ndani ya muda wa dhamana, kabla haijawekewa sampuli. Kwa sababu hiyo, ukaguzi hufanywa mara seli zinapopokelewa, na kurudiwa siku ya kazi kabla DNA haijaandaliwa. Maabara inayokagua seli baada ya kuandaa DNA huweza kujikuta na mchanganyiko ulio tayari na seli isiyofaa.

Kiwango cha 800 ni cha dhamana. Hakimaanishi kwamba seli yenye vitundunano 300 haina kazi. Kigezo sahihi ni uwiano kati ya uwezo uliobaki na swali la utafiti. Hesabu ifuatayo inaonyesha jambo hilo. Ichukuliwe kwamba chaneli 200 zinasoma mfululizo kwa kasi ya besi 400 kwa sekunde. Kwa sekunde moja zitasoma besi 80,000, na kwa saa moja besi 288,000,000. Hiki ni kikomo cha juu cha kinadharia, kwa kuwa vitundu hupumzika kati ya uzi mmoja na mwingine na vingine hufa njiani. Lakini kinatosha kwa ulinganisho. Virusi vya batobato ya muhogo vina jenomu ya vipande viwili, kila kimoja kikiwa na besi zinazokaribia 2,800. Iwapo sehemu moja tu kati ya elfu moja ya besi zilizosomwa inatoka kwa virusi, saa moja itatoa besi 288,000 za virusi, yaani wastani wa kusoma jenomu nzima ya besi 5,600 mara 51. Kwa swali la kutambua virusi, seli hiyo inatosha. Kinyume chake, jenomu ya muhogo wenyewe ina besi takribani milioni 750. Kuisoma mara 51 kwa seli hiyo hiyo kungehitaji zaidi ya saa 130, hata kama kila chaneli isingepumzika wala kufa. Kwa kuwa usomaji mmoja kwa kawaida hupangwa kwa muda usiozidi saa 72, swali hilo linadai seli mpya, na pengine zaidi ya moja.

4.2 Namna vitundunano vinavyopotea

Idadi peke yake haielezi sababu. Programu huonyesha hali ya kila chaneli kwa rangi kwenye ramani ya seli, na mtafiti makini husoma ramani hiyo kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Vitundunano vinavyopungua polepole na kwa kutawanyika huashiria uchakavu wa kawaida au kuziba kwa sababu ya DNA isiyosafishwa vizuri. Sehemu ya vitundu vilivyoziba huweza kurejea baada ya kuoshwa. Chaneli zinapokufa kwa mkupuo katika eneo moja lililoshikana, na mkondo wake kupita uwezo wa saketi, tando zimepasuka. Mara nyingi chanzo ni kiputo cha hewa. Hasara hiyo hairejei, na kuosha seli kwa matumaini ya kuifufua ni kupoteza bafa.

4.3 Mabaki ya sampuli iliyotangulia

Seli yaweza kuwa na vitundunano vya kutosha na bado isifae, kwa sababu molekuli za DNA za sampuli iliyotangulia zimesalia ndani yake. Kigezo hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na kimejadiliwa kwa kirefu katika sehemu ya 7.0.

4.4 Ulinganifu wa toleo

Seli na kemikali za kuandalia DNA hutolewa kwa matoleo yanayokwenda pamoja. Kemikali za toleo la 14, kwa mfano, zimetengenezwa kwa ajili ya seli za R10.4.1, si za R9.4.1 zilizotangulia. Mtafiti anayebadilisha seli katikati ya mradi lazima ahakikishe kwamba toleo halijabadilika. Likibadilika, kiwango cha makosa ya usomaji hubadilika pia, na data za kabla na baada haziwezi kuunganishwa bila maelezo.

5.0 Hatua za kubadilisha seli

5.1 Maandalizi

Seli mpya huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, wala haipaswi kugandishwa. Kabla ya kutumika, huachwa nje ya jokofu hadi ifikie joto la chumba ikiwa bado ndani ya mfuko wake. Tahadhari hii ina sababu mbili. Kwanza, kitu baridi kikifunuliwa katika hewa yenye unyevu, kama ile ya Dar es Salaam au Mombasa, hupata matone ya maji juu yake, na matone hayo hayapaswi kufika kwenye viunganishi vya umeme. Pili, kimiminika baridi hubeba gesi nyingi iliyoyeyuka kuliko kimiminika cha uvuguvugu; kikipata joto ndani ya mfereji, gesi hiyo hujitenga na kuwa viputo. Bafa zilizogandishwa nazo huyeyushwa kabisa, huchanganywa na kuachwa zitulie kwa sababu hiyo hiyo.

5.2 Kuondoa seli ya zamani

Usomaji husimamishwa kwanza katika programu, na data kuthibitishwa kuwa zimehifadhiwa. Kifuniko cha kifaa hufunguliwa, kisha seli husukumwa taratibu kutoka chini ya kibanio kinachoishikilia. Seli hushikwa pembeni. Viunganishi vya umeme vilivyo chini yake haviguswi kwa vidole. Namba ya utambulisho iliyo kwenye seli huandikwa katika daftari la maabara kabla seli haijawekwa pembeni, kwa kuwa seli mbili za zamani zilizolala juu ya meza moja hazitofautishiki kwa macho.

5.3 Kuchomeka seli mpya

Seli mpya hupitishwa chini ya kibanio hadi ikae sawasawa, kisha hubonyezwa kwa uthabiti. Mbonyezo huo ni wa lazima. Chini ya seli kuna bamba linalodhibiti joto, ambalo huiweka seli karibu na nyuzijoto 34 wakati wa kusoma. Pia kuna pini zinazopokea ishara za umeme. Seli iliyolegea huweza kutambuliwa na programu na hata kuanza kusoma, lakini joto lake litayumba na baadhi ya chaneli zitaonekana zimekufa ilhali ni nzima. Hivyo basi, ukaguzi ukitoa idadi ndogo isiyotarajiwa, hatua ya kwanza ni kuitoa seli, kuirudisha kwa uthabiti na kukagua tena.

5.4 Kutoa hewa na kujaza

Seli mpya hufika ikiwa na bafa ya kuhifadhia, na chini ya kifuniko cha tundu la kujazia huwapo kiputo kidogo cha hewa. Kiputo hicho lazima kitolewe kabla ya kuingiza chochote. Kanuni ni ile inayofuatwa na fundi wa magari anapotoa upepo kwenye breki: hewa iliyobaki njiani hubatilisha kazi yote inayofuata. Tofauti ni kwamba hapa kipimo ni mikrolita chache, na mkono mzito huua seli.

Pipeti ya mikrolita 1,000 huwekwa kwenye kipimo cha 200. Ncha yake huingizwa wima katika tundu la kujazia. Badala ya kuachia kitufe, mtafiti huzungusha gurudumu la kipimo hadi lisome 220 au 230, au hadi kimiminika kidogo kionekane kikiingia katika ncha. Kwa njia hiyo mikrolita 20 hadi 30 tu huvutwa, pamoja na kiputo. Kuvuta zaidi ya hapo ni hatari, kwa sababu bafa inayofunika visima itaanza kuondoka. Baada ya kuvuta, hutazamwa kama kuna mfululizo wa kimiminika usiokatika kutoka tunduni hadi kwenye safu ya visima.

Baada ya hapo, mikrolita 800 za mchanganyiko wa kujazia huingizwa polepole kupitia tundu la kujazia. Tone la mwisho huachwa ndani ya ncha ya pipeti ili hewa isilifuate. Hungojwa dakika tano. Kisha kifuniko cha tundu la sampuli hufunuliwa, na mikrolita 200 nyingine za mchanganyiko huo huingizwa kupitia tundu la kujazia lile lile, si lile la sampuli. Hapo ndipo mikrolita 75 za DNA iliyoandaliwa hudondoshwa juu ya tundu la sampuli, tone baada ya tone, kila tone likiachwa lizame lenyewe kabla ya jingine kufuata. Mwisho, tundu la sampuli hufunikwa kwanza, likafuatiwa na tundu la kujazia, kisha kifuniko cha kifaa.

6.0 Makosa yanayoharibu seli

Makosa matatu yanastahili kutajwa kwa sababu huonekana madogo machoni pa mtendaji. La kwanza ni kuharakisha sindikizo la mikrolita 800. Shinikizo la ghafla hupasua tando hata pasipo hewa. La pili ni kutoa majitaka huku tundu la kujazia au la sampuli likiwa wazi. Kimiminika kikivutwa kutoka kwenye hifadhi ya majitaka, nafasi yake hujazwa na chochote kilicho karibu. Tundu likiwa wazi, kinachoingia ni hewa, na hupitia moja kwa moja juu ya visima. Kwa sababu hiyo, matundu yote mawili hufungwa kabla majitaka hayajaguswa. La tatu ni kuingiza DNA yenye mabaki ya kemikali za kuitolea kwenye tishu, kama vile fenoli au ethanoli. Kosa hili haliui seli papo hapo; huipunguza nguvu saa baada ya saa, na mtafiti hulaumu seli ilhali kosa lilikuwa katika sampuli.

Umuhimu wa kuyatenganisha makosa haya ni wa kiuchunguzi. Iwapo seli ilikufa kwa hewa, kubadilisha seli ni tiba. Iwapo ilikufa kwa uchafu wa sampuli, seli mpya itakufa vilevile, na maabara itakuwa imepoteza seli mbili kwa kosa moja. Kabla ya kuchomeka seli ya pili, ramani ya seli ya kwanza inapaswa kusomwa na usafi wa DNA kupimwa upya.

7.0 Kuosha au kubadilisha: mfano wa virusi vya muhogo

Mtengenezaji hutoa kemikali za kuoshea seli ili itumike tena. Mchanganyiko huo una kimeng'enya kinachokatakata DNA iliyobaki. Baadaye vipande hivyo huondolewa kwa bafa, na seli huweza kujazwa sampuli nyingine papo hapo au kuwekwa kwenye jokofu ikiwa na bafa ya kuhifadhia. Kwa maabara yenye seli chache, njia hii ni msaada mkubwa. Hata hivyo, kuosha hupunguza mabaki pasipo kuyamaliza kabisa. Swali si kama mabaki yapo, bali ni kama mabaki hayo yanaweza kubadili jibu.

Ichukuliwe kwamba maabara inachunguza mashamba mawili ya muhogo. Mmea wa shamba la kwanza una batobato waziwazi: majani yamekunjamana na kubadilika rangi. DNA yake inasomwa kwenye seli mpya. Seli inaoshwa, kisha DNA ya mmea wa shamba la pili, usio na dalili, inasomwa kwenye seli hiyo hiyo. Miongoni mwa maelfu ya nyuzi zilizosomwa, nyuzi nne zinalingana na virusi vya batobato. Je, shamba la pili lina maambukizi machanga, au nyuzi hizo nne ni masalia ya shamba la kwanza?

Data zenyewe haziwezi kujibu. Nazo si nyuzi nne za karatasini tu. Muhogo hupandwa kwa pingili zinazokatwa kutoka kwa mmea uliotangulia, na pingili yenye virusi huhamisha ugonjwa hadi shamba jipya. Maabara ikisema shamba ni safi ilhali si safi, pingili zitagawiwa kwa majirani na ugonjwa utasambaa pamoja nazo. Ikisema lina ugonjwa ilhali ni masalia ya seli, mkulima anaweza kushauriwa kung'oa mimea mizima aliyoitegemea kwa mbegu na chakula. Katika hali zote mbili, anayelipa gharama si yule aliyeamua kuosha seli.

Zipo njia tatu za kujikinga. Ya kwanza ni kuunganisha kila sampuli na kipande kifupi cha DNA cha utambulisho, na kutorudia kipande hicho katika matumizi yanayofuatana ya seli moja. Sampuli ya kwanza ikipewa kitambulisho cha 1 na ya pili cha 2, masalia yatajitokeza kwa kitambulisho cha 1 na yataondolewa. Kitambulisho kikirudiwa, kinga hiyo hutoweka. Ya pili ni kusoma sampuli ya udhibiti isiyo na virusi baada ya kuosha na kabla ya sampuli inayochunguzwa. Nyuzi za virusi zitakazoonekana hapo ndizo kipimo cha masalia. Ya tatu ni kupanga sampuli kwa kufuata hatari, ili zile zinazodhaniwa kuwa safi zitangulie na zile zenye dalili zifuate. Panapokosekana zote tatu, na swali likiwa la kuwapo au kutokuwapo kwa virusi, seli inapaswa kubadilishwa, hata kama vitundunano vyake bado ni vingi.

Kwa upande mwingine, kubadilisha seli kila mara si lazima. Mtafiti anayesoma jenomu ya mmea mmoja kwa awamu tatu anaweza kuosha na kurudia bila madhara, kwa kuwa masalia ni ya mmea ule ule. Aidha, ikumbukwe kwamba virusi vya michirizi ya kahawia, tofauti na vya batobato, ni vya RNA. Katika kazi ambayo RNA haikugeuzwa kuwa DNA, kutoonekana kwake hakuhusiani kabisa na hali ya seli.

8.0 Mambo ya kuandikwa katika tasnifu

Kutokana na mjadala uliotangulia, sura ya mbinu za utafiti inapaswa kumwezesha msomaji kuifuata kila seli tangu kupokelewa hadi kuondolewa. Mambo yafuatayo ni ya lazima:

(a) Namba ya utambulisho na toleo la kila seli, pamoja na tarehe ya kupokelewa na ya kutumika.

(b) Idadi ya vitundunano hai wakati wa kupokea, kabla ya kila usomaji na baada ya kila kuosha.

(c) Orodha ya sampuli zilizopita katika kila seli kwa mpangilio wake, na vitambulisho vilivyotumika.

(d) Sababu ya kila seli kubadilishwa: uchakavu, hewa, uchafu wa sampuli au hofu ya masalia.

(e) Idadi ya nyuzi zilizoonekana katika sampuli ya udhibiti kwa kila seli.

Kipengele cha (c) ndicho kinachokosekana mara nyingi, ilhali ndicho kinachomwezesha mtahini kuuliza swali la masalia na kupata jibu. Jedwali fupi katika kiambatisho linatosha. Gharama ya kulijaza ni dakika chache kila siku ya kazi. Gharama ya kutolijaza huonekana siku ya utetezi, wakati seli zenyewe zimekwisha kutupwa au kurejeshwa kwa mtengenezaji.

9.0 Hitimisho

Ubadilishaji wa seli ya mtiririko ni kitendo kifupi cha mkono kinachobeba uamuzi wa kimbinu. Makala imeonyesha kwamba idadi ya vitundunano ni kigezo kimojawapo tu. Namna vinavyopotea, mabaki ya sampuli iliyotangulia na ulinganifu wa toleo vina uzito sawa, na wakati mwingine mkubwa zaidi. Imeonyesha pia kwamba hatua za kujaza seli si desturi tupu za maabara: mikrolita 20 hadi 30 zinazovutwa kwa gurudumu la pipeti na tone la mwisho linaloachwa katika ncha vina sababu moja, nayo ni kuulinda utando usiguswe na hewa. Kwa watafiti wanaofanya kazi ambapo seli ni chache na matokeo huamua hatima ya mashamba au matibabu ya wagonjwa, kanuni inayopendekezwa ni hii: seli ioshwe pale masalia yasipoweza kubadili jibu, na ibadilishwe pale yanapoweza; na katika hali zote mbili, sababu iandikwe siku hiyo hiyo.